Barua ya wazi: Hesabuni raia kwanza, halafu mtuulize

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Kamishna wa Masuala ya Wakimbizi, Gavana wa Garissa, na ninyi wabunge na wawakilishi wadi mliokuja kutuomba kura,

Assalaam aleikum.

Mdogo wangu na mimi tumenyonya ziwa moja. Mimi nina kitambulisho cha taifa. Yeye akiweka kidole kwenye mashine ya serikali, mashine inasema ni mkimbizi wa Somalia. Huko Somalia hajawahi kukanyaga. Mbali aliyofika upande ule ni Liboi, mji wa Kenya ulio mpakani, akimfuata ngamia jike aliyekata kamba, na hata hapo alirudi siku ya tatu midomo imempasuka kwa kiu.

Nawaandikia kwa sababu tangu Machi 28, 2025, siku ulipozinduliwa Mpango wa Shirika, ule wa serikali wa kuzigeuza kambi za wakimbizi kuwa miji, kila nikifungua redio nasikia habari za wenyeji. Wenyeji watafaidika, wenyeji na wakimbizi wataishi pamoja, kambi zitageuka miji na wenyeji watapata soko. Wenyeji ndio sisi. Naishi mwendo wa gari usiozidi saa moja kutoka Ifo, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, na ningependa kujua ni nani kati yetu aliyeulizwa, aliulizwa lini, na alijibu nini. Chini ya swali hilo kuna jingine linaloninyima usingizi zaidi: hao wenyeji mmewahesabu vipi, ikiwa baadhi yao ninyi wenyewe mmewaandika kuwa wageni?

Msinisome haraka mkaniweka kwenye kundi la wanaotaka wakimbizi wafukuzwe. Fundi aliyenishonea nguo ya Idi mwaka jana alizaliwa kambi ya Dagahaley, na mama yake aliletwa hapo akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kambi hizi zilianza 1991, zikakusudiwa watu 90,000, na ulipofika ukame wa 2011 zilikuwa zimebeba watu zaidi ya 400,000. Wengine wamekaa hapa miaka mingi kuliko umri wangu. Kuwaruhusu wafanye kazi na watembee ni haki yao, tena imechelewa. Ugomvi wangu ni namna mnavyoamua.

Tazameni wenyewe mlivyokwenda. Novemba 2013 serikali ilitia saini mkataba wa pande tatu na Somalia na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ili watu waanze kurudi kwao kwa hiari. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Naibu wa Rais wa wakati huo aliipa UNHCR miezi mitatu iwe imewahamisha wakimbizi wote wa Dadaab, la sivyo serikali itawahamisha yenyewe. Mei 2016 kukatangazwa tena kwamba kambi zitafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo, ikasema ni ya kibaguzi na inakiuka Katiba. Machi 2021 UNHCR ikapewa siku 14 ilete mpango wa kufunga, kisha tukaambiwa mwisho ni Juni 30, 2022. Tarehe hiyo ilifika, ikapita, na punda wakaendelea kuvuta mikokoteni ya maji kama jana yake. Halafu Machi 2025 yule yule aliyekuwa Naibu wa Rais, sasa akiwa Rais, akazindua mpango wa kuzigeuza kambi kuwa miji.

Mtu ana ruhusa ya kubadili nia, na nia ya sasa naipenda kuliko ile ya zamani. Lakini hoja ya kufunga ilikuwa kwamba wananchi hawako salama, na hoja ya kutofunga ni kwamba wananchi watapata maendeleo. Mwananchi anayetajwa katika hoja hizo mbili ni yule yule mmoja, na mara zote mbili habari zilimkuta anakamua mbuzi, redio ikiwa imetundikwa kwenye kigingi.

Wazee wetu wana kisa chao kuhusu kuulizwa. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kwenye iliyokuwa ikiitwa NFD, yaani wilaya ya mpakani kaskazini mwa Kenya, iwaulize watu wanataka kuwa upande gani baada ya uhuru. Tume ikazunguka, ikasikiliza, ikaandika kwamba Wasomali walio wengi wanataka kujiunga na Somalia. Jibu likawekwa kabatini. Uhuru ukaja 1963 na mpaka pale pale, vikafuata vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga, na miaka ya sheria za hali ya hatari. Sitaki kulifukua hilo. Mimi ni Mkenya na hakuna nchi nyingine ninayoitamani. Nalitaja mpate kuelewa kwa nini afisa akija na kalamu kuchukua maoni, babu yangu humwuliza kwanza, "Na jibu mtalipeleka wapi?" Nataja pia 1989, tulipoitwa Wasomali peke yetu kupigwa msasa, yaani kuhojiwa kama kweli ni raia, mbele ya jopo, aliyepita akapewa kadi ya rangi ya waridi. Baba anayo yake hadi leo, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kadi ya hospitali.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu.

Mwaka 2011 mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili mfululizo. Baba alikuwa na mbuzi zaidi ya sabini. Kufika Julai walibaki tisa, na hao tisa kila asubuhi tuliwainua kwa mikono, mmoja akishika mbele na mwingine nyuma, ndipo wasimame. Mama alisikia kwamba Ifo wanagawa unga, mafuta na dengu. Akawachukua wadogo zangu watatu, akaingia kwenye foleni pamoja na watu waliotoka Dhobley, ng'ambo ya mpaka Somalia, kwa miguu. Hakuhitaji kuigiza lolote. Lugha ni moja, njaa ni moja, na vumbi lililokuwa kwenye buibui lake halikuwa na uraia. Wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Anachokumbuka ni kwamba afisa alimpangusa vidole kwa kitambaa, akamwambia abonyeze kioo, na taa ya kijani ikawaka. Aliona ni mchezo, akaomba abonyeze tena.

Mimi siku hiyo nilikuwa shule ya bweni. Tofauti yetu yote ni hiyo.

Mama alidanganya, na simtetei kwa hilo. Alisema ametoka mahali ambapo hakutoka, akala chakula kilichotengewa mwingine. Yeye mwenyewe analisema, na hulisema akitazama chini. Lakini mtoto wa miaka minane alidanganya nini? Na serikali iliyomwacha mwananchi wake afike mahali ambapo kuitwa mkimbizi kunalipa kuliko kuitwa Mkenya, nayo haina la kujibu? Kambini kulikuwa na chakula, shule na daktari. Kijijini kwetu kulikuwa na chifu.

Alipotimiza miaka 18 mwaka 2021, alikwenda kuomba kitambulisho. Alibeba cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya baba na mama, na barua ya chifu. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya picha. Karani akaviweka vidole vyake kwenye mashine, akatazama kioo, akamwuliza, tena kwa upole, "Kijana, kadi yako ya mgao iko wapi?" Tangu siku hiyo ni njoo mwezi ujao, faili iko Nairobi, mkubwa yuko likizo.

Asiye na kitambulisho Kenya anaishi kwa jina la mtu. Laini yake ya simu imeandikwa jina langu, kwa hiyo akitumiwa pesa, ujumbe unasema nimetumiwa mimi. Pikipiki anayoendesha imeandikwa jina la mjomba. Kwenda Nairobi hathubutu, maana kwenye vizuizi vya njiani abiria wote hushushwa, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Na kambini nako hawamtambui, kwani kadi ile ilikufa siku nyingi. Wakimbizi wana wa kuwasemea, raia wana wabunge wao. Yeye ana mimi na barua hii.

Agosti 9, 2022 nilikwenda kupiga kura. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa pikipiki, akaningoja chini ya mgunga pamoja na vijana wengine wa aina yake. Nilihesabu kumi na mmoja. Nikatoka na wino kidoleni. Njiani akaniuliza nimempa nani, nikamjibu kura ni siri. Akasema, "Basi nusu ya hiyo siri ni yangu. Petroli nimeweka mimi."

Waheshimiwa, hawa si wachache wa kuhesabiwa chini ya mti. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni Wakenya 40,000 walionaswa kwenye daftari la wakimbizi. Wapo wabunge wa upande wetu walioingia bungeni kwa kura chache kuliko hizo. Kwa hiyo mnaposema raia wa hapa wamekubali jambo au wamelikataa, mjue kuna kundi la raia, kubwa la kuweza kumpindua mbunge, ambalo halimo kwenye hesabu kabisa. Na ndilo lililoishi maisha yote mawili, ya mwenyeji na ya mkimbizi. Kama kuna watu wa kuulizwa habari za Mpango wa Shirika, ningeanza nao.

Najua hoja ya wakuu wa usalama: mkifuta majina ovyo, asiye raia atapenya kwenye tundu hilo hilo. Hoja hiyo siidharau. Wapo watakaojaribu. Lakini sisi ni watu wa koo. Mwite mzee yeyote umwulize baba wa huyu ni nani, kisima chao ni kipi, alizaliwa msimu wa mvua gani, atakujibu hadi babu wa saba. Kazi hiyo imeshafanyika zaidi ya mara moja. Watu walipigwa msasa, wakapita, wakaambiwa wangoje, na wengine wanangoja mpaka sasa. Februari 2025 Rais alitia saini kule Wajir tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Tulishangilia, na halikuwa jambo dogo kwa mtu aliyekua akiona ile kadi ya waridi nyumbani. Tangazo lile liliwaondoa watu waliokuwa wameketi mezani. Mdogo wangu anazuiwa na kompyuta.

Nije kwenye baraza. Nilihudhuria moja lililohusu mpango huu, na nitalieleza kama nilivyoliona, ingawa waliolileta sitawataja. Walikuja na magari matatu, hema, viti vya plastiki na maji ya chupa. Saa nne tuliyoitiwa ikawa saa saba. Karatasi ya mahudhurio ilipitishwa kabla hatujaambiwa tumeitiwa nini. Waraka wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Afisa kijana, mwenye adabu zake, akatueleza kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja akawatafsiria wazee kwa Kisomali, maneno yakipukutika kila yanapovuka. Mzee mmoja akauliza visima vitakavyochimbwa vitakuwa vya nani. Akaambiwa swali zuri, tumelichukua. Mama mmoja akasema siku hizi kuni wanazifuata mbali hadi wanarudi giza limeingia, na karibu na nyumbani kilichobaki ni mathenge, miti ya miiba ya kuchoma miguu. Je, mji mpya utapikia nini? Swali zuri, tumelichukua. Saa nane na nusu tukaambiwa maoni yamepokelewa, tukaletewa pilau. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo.

Mdogo wangu alikuwepo. Ile karatasi ya mahudhurio ilikuwa na safu tatu: jina, saini, nambari ya kitambulisho. Akaandika jina, akatia saini, ya tatu akaiacha wazi. Aliyekuwa akikusanya karatasi akaitazama, akachukua rula, akalikata jina kwa mstari ulionyooka vizuri.

Ibara ya kwanza ya Katiba yetu inasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Ibara ya 10 inaweka ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria hizo zipo, na mahakama zimezitumia kutupa maamuzi ya wakubwa kuliko ninyi. Lakini mtu akiulizwa swali ambalo jibu lake la "hapana" halina mahali pa kuandikwa, huko ni kuarifiwa. Kwenye baraza lile hatukuulizwa kama tunataka miji hii, wala iwe mikubwa kiasi gani, wala nani atakaa kwenye bodi zake. Tulielezwa faida.

Na jambo kubwa kuliko yote halikutajwa hata kwa bahati mbaya, nalo ni ardhi. Kambi ni kitu cha muda, angalau kwa jina. Ardhi iliyo chini yake ni ya malisho, ya jamii, na sehemu kubwa haijasajiliwa. Kaunti imeishika kwa niaba yetu. Mji si wa muda. Mji una ploti, ploti ina hati, na hati ina mwenyewe. Nani atakuwa mwenyewe kambi ya Hagadera ikiwa manispaa? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii hayasimami mpaka yapitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo wakiwa wameketi mkutanoni. Hiyo ndiyo kura ninayoitaka, na iko kwenye sheria zenu wenyewe, hamna haja ya kubuni kitu. Lakini thuluthi mbili ya nani? Mtu mzima asiye na kitambulisho ataonyesha nini mlangoni kuwa naye ni mtu wa jamii? Mtarudi na rula?

Mengine nayapitia haraka. Somalia imeshakuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi anayetoka nchi ya jumuiya nafasi ya kuuacha ukimbizi kwa hiari akakaa hapa kwa haki za jumuiya. Ni badiliko kubwa kuliko hema lolote, na sijasikia baraza moja likitueleza maana yake Dadaab. Pia mpango mzima umeegemea pesa za wafadhili, na mwaka ule ule ulipozinduliwa mgao wa chakula kambini ulipunguzwa kwa kukosa fedha. Wafadhili wakiondoka, mji utabaki na kaunti yetu. Tuambieni mapema bili itakuja kwa nani.

Ninachoomba ni hiki. Kura ijayo ni Agosti 10, 2027. Kabla daftari la wapigakura halijafungwa, toeni vidole vya Wakenya kwenye daftari la wakimbizi, mkianza na waliokwisha kupigwa msasa wakapita, na waliochukuliwa alama wakiwa watoto. Orodha yao ibandikwe kwa chifu, jina kwa jina, mwenye pingamizi aseme hadharani. Na mpaka hilo liishe, msitangaze kwamba wenyeji wa Garissa wameridhia mpango wowote wa wakimbizi, uwe wa kufunga au wa kufungua. Waraka uletwe kwa Kiswahili na Kisomali mwezi mzima kabla ya mkutano, usomwe redioni usiku, wakati mifugo imelala na watu wana nafasi ya kubishana. Suala la ardhi lipigiwe kura mbele ya watu, watakaosema hapana wahesabiwe, na idadi yao isomwe kwa sauti ile ile.

Inawezekana tukakubali. Kwa ninavyowajua majirani zangu, wengi watakubali, wakiwa na masharti yao ya maji na ploti. Soko la Hagadera linalisha nyumba nyingi za huku, na nusu ya harusi nilizohudhuria zilikuwa za mwenyeji na mkimbizi. Huenda pia tukakataa sehemu, nanyi mkalazimika kurudi mezani na wafadhili mkiwa na jibu msilolipenda.

Baraza lijalo nitakuja, na mdogo wangu atanileta. Mkija, njooni na mashine. Vidole anavyo vyote kumi, na safari hii hataomba kubonyeza mara mbili.

Wenu,
Mwenyeji wa Garissa